Sairagul Aliyeingia Mbio za Watoto

Sairagul alikuwa mpishi wa shule katika kijiji kimoja cha milima ya Naryn, na kwa kumtazama usingemdhania mkorofi hata kidogo. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi. Kwa hiyo siku aliyowaacha watu midomo wazi, wengi walisema amerogwa. Hakurogwa. Alikuwa amechoka, na miaka ishirini ya kuchoka si mchezo.

Huko kwao mtoto wa kwanza ni wa bibi na babu. Si kwa kulea wakati wa likizo. Ni mtoto wao moja kwa moja. Bibi ndiye anayeitwa mama, babu ndiye baba, na yule aliyezaa kwa uchungu anabaki kuwa mke wa kaka tu. Wanasema ni heshima kwa wazee. Haya, na iwe heshima, lakini hakuna anayemuuliza mtoto.

Sairagul alikuwa mtoto wa namna hiyo. Bibi yake alimpenda kufa, hilo halina ubishi. Malai ya juu ya maziwa yalikuwa yake kabla ya mtu mwingine yeyote. Kisha, Sairagul akiwa na miaka tisa, bibi akafa; babu alikuwa ameshatangulia. Baada ya maziko wakampeleka kwa wazazi waliomzaa, nyumba ya pili tu kutoka pale, kwenye wadogo zake watatu. Akakaa mbele ya chakula, mikono mapajani, akingoja ruhusa. Mama yake, Nazik, akamsogezea mkate.

"Kula, mwanangu. Hapa ni kwenu."

"Ahsante, wifi."

Nazik akainuka akatoka nje, wala hakuna aliyemfuata. Tangu siku ile mama na mwana waliishi kwa adabu nyingi mno, kama wapangaji wa nyumba moja. Sairagul alikua bila kuomba kitu na bila kulia mbele ya mtu. Majirani wakamsifu kwa malezi mema. Upuuzi mtupu! Ule ulikuwa woga wa kufukuzwa.

Akaolewa na Temirbek, dereva wa lori la maziwa, ambaye naye alilelewa na bibi yake. Mpaka anaota ndevu alikuwa akimwita mama yake mzazi shemeji. Mama huyo, Burulkan, alipotangaza kwamba mjukuu wa kwanza ni wake, Temirbek alijibu "sawa" na kuendelea kunywa chai.

Akazaliwa Aizirek. Burulkan akangoja mtoto aote meno, akangoja asimame, kisha akapanga siku ya kumkata kamba. Mtoto anapoanza kutembea hufungwa miguu kwa kamba ya sufu nyeusi na nyeupe, watoto wa kijiji hushindana mbio, na atakayefika wa kwanza huikata na kupewa peremende. Shughuli ikiisha, Burulkan angeondoka na mjukuu kwenda kwake, kijiji cha juu.

Asubuhi hiyo Sairagul alikuwa akikaanga maandazi uani.

"Temirbek, leo anamchukua. Sema neno."

"Niseme nini? Ndiyo mila yetu. Mimi si nililelewa hivyo hivyo? Nimeharibika wapi?"

"Hapo hapo, unaposhindwa kusema."

Temirbek akajikuna shingo, akaenda kuleta kuni.

Wageni wakajaa. Aizirek akasimamishwa juu ya zulia, kamba miguuni, Burulkan akimshika mabega. Kule langoni watoto kumi na wawili wakapanga mstari. Sairagul akavua viatu, akajifunga kibwebwe, akasimama wa kumi na tatu.

"He! Na wewe unataka peremende?" akapaza sauti jirani mmoja.

"Mwacheni," akadakia mwingine, "huyo hata kondoo mgonjwa hamshindi!"

Taulo likapungwa kuanzisha mbio. Sairagul akatimka. Akampiga kikumbo mvulana aliyekuwa akishinda kila mara, na kwa mara ya kwanza maishani hakuomba radhi. Akafika wa kwanza akihema, akachukua kisu kilichowekwa tayari, akakata kamba.

"Huyu ni Aizirek," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Mama yake ni mimi. Haendi popote."

"Mkamwana, umelewa?" akauliza Burulkan, na watu wakacheka.

"Sijalewa, mama. Nimekataa."

Miguu ikiwa huru, mtoto akapiga hatua tatu, na hatua zote tatu zilikwenda kwa bibi. Akamkumbatia goti. Burulkan akambeba juu.

"Mmeona? Mwenyewe kachagua!"

Sairagul moyo ulimpasuka, lakini hakurudi nyuma.

"Anakupenda, naona. Hata mimi nilimpenda bibi yangu. Njoo kila siku, mlishe, mdekeze utakavyo. Lakini siku Mungu atakapokuchukua, sitaki mwanangu aingie nyumbani kwangu kama mgeni."

Watu wakaguna. Kumtajia mtu kifo chake siku ya furaha! Burulkan akamkaza mtoto kifuani.

"Na mimi je? Nilimtoa Temirbek ana miezi kumi na mmoja. Maziwa yananitoka, nguo zimelowa, naambiwa nitulie, zamu yangu itafika. Nani alinikimbilia mbio mimi? Zamu yangu ndiyo hii!"

Hakuna aliyecheka tena. Sairagul alimwonea huruma hadi machozi yakamlengalenga, lakini huruma si sababu ya kutoa mtoto.

"Walikuonea, mama. Walikuonea vibaya sana. Ila mtoto waliyekunyang'anya si huyu. Ni yule pale." Akamnyooshea kidole mumewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la nyama. "Ana miaka thelathini na mmoja na hujawahi kumkumbatia. Mchukue huyo."

Temirbek akawa mwekundu mpaka masikioni. Burulkan akamkabidhi Sairagul mtoto, kwa mikono miwili, mbele ya watu wote. Akavuka ua mpaka alipokuwa mwanawe, na alipofika hakujua mikono yake aipeleke wapi. Mwishowe akaanza kumfunga kifungo cha shati, taratibu, na lile jitu zima likasimama na sinia lake, likafungwa.