Maharagwe Niliyokataa Kuyaingiza Nyumbani

Jina la yule mchuuzi wa sokoni Kitale nalikumbuka vizuri, lakini silipotezei wino. Miaka ya themanini tulibadilishana: nilimpa mbuzi wangu jike, naye akaniletea nyumbani Kibomet magunia mawili ya maharagwe ya mbegu. Kufungua, fukusi tupu! Nikamwambia ayarudishe.

"Mama, yakishashushwa ni yako," akacheka. "Si uchemshe tu?"

Hapo nikamjua. Alingoja nipike hata kikombe kimoja, kisha aseme nimeshakubali. Basi nikayaweka uani juu ya mawe, nikayafunika kwa nailoni.

Jirani yangu akanicheka, "Ati unamlindia mwizi chakula?"

"Ninalinda mbuzi wangu, bana."

Mara tatu nilituma watu wamwambie aje ayachukue. Hakuja, mjinga yule. Siku ya soko nikayapakia kwenye mkokoteni wa punda, nikayashusha mbele ya kibanda chake na kuyafungua wateja wakitazama. Fukusi wakatambaa mpaka kwenye mahindi yake. Mbuzi aliletwa kabla sijamaliza chai niliyoagiza pale sokoni, mbavu nje. Hata majani ya bure alimnyima.