Kompyuta Iliyomgeuza Mama Kuwa Ravindra

Mwaka 2005 kompyuta ya serikali ilimwambia mama yangu, Mchaga wa Rombo, kwamba yeye ni Ravindra.

Sio utani. Mama Euphrasia, muuza vitenge wa Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo, alijaza fomu ya leseni ya biashara kwenye intaneti. Mashine ikamjibu: "Karibu tena, Ravindra. Tayari una leseni."

Akanipigia simu palepale.

"Ansbert, huko ofisini kwenu kuna mtu mzima kweli?"

"Mama, utakuwa umekosea kujaza."

"Miaka ishirini najaza fomu, sijawahi kuwa mwanaume."

Nikamwambia nitawauliza mafundi.

Niseme ukweli: mafundi ni mimi. Ile tovuti niliibuni mwenyewe, kuanzia rangi mpaka kitufe cha "Tuma". Nimetoka kusoma, nina tai mbili, na Bongo nzima inahimizwa kufanya biashara. Ofisi yetu nayo ikataka ionekane ya kisasa.

Kanuni yangu niliyoipenda kuliko zote ilikuwa hii: mwombaji mmoja, sanduku la posta moja. Ukirudia namba, mashine inajua ni wewe yuleyule, unataka kujipatia leseni ya pili kijanja. Bosi wangu, Bwana Melkiori, alinipigia makofi kikaoni. Tuliijaribu fomu wiki nzima, watu sita, kila mmoja na sanduku lake, chini ya kiyoyozi. Hakuna aliyekwama. Wataalamu bwana.

Sasa leseni za zamani zilikuwa zinaisha Ijumaa. Asiye na mpya, duka linapigwa kufuli. Na duka la mama ndilo lililonisomesha mpaka nikajua kumsumbua.

Alhamisi nikakatiza Mnazi Mmoja kwa miguu, laptop begani, naenda kumfundisha mama kujaza fomu. Ndiyo, kumfundisha.

Nikamkuta kwa jirani yake, Mzee Ravindra, muuza vifungo na nyuzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu. Mama yako sasa ni Ravindra wa pili. Anselmi wa ndoo ni Ravindra wa tatu. Tuko thelathini na mmoja."

Ukutani nyuma yake kulikuwa na ubao wenye misumari, na juu ya kila msumari jina la duka. Mkewe, Madhuben, alikuwa anatundika barua za siku hiyo, kila moja mahali pake, bila kumuuliza mtu. Mtaa mzima unatumia sanduku moja la posta, la Mzee Ravindra, kwa sababu masanduku ya posta yaliisha zamani na wanaosubiri hawahesabiki.

Nilikulia mtaa ule. Nilijua kabisa. Nilipovaa tai nikasahau.

"Nani kaweka hiyo kanuni?" mama akauliza.

"Mafundi," nikasema. "Nitawasema."

Madhuben akageuka. "Ansbert, msumari wako bado upo. Una barua."

Ulikuwa chini kabisa, pembeni. Mama akaichukua barua, akaifungua, kama alivyofungua barua zangu zote tangu niko shule. Akasoma kwa sauti:

"Ndugu Ansbert, ofisi inakupongeza kwa kubuni tovuti ya leseni, hasa kanuni ya mwombaji mmoja, sanduku moja."

Ofisi yangu, badala ya kunipa mkononi, iliituma posta. Na kwenye bahasha, kwa taipureta, namba ya sanduku la Ravindra. Ndiyo namba niliyoiandika mwenyewe nilipoomba kazi. Kwa kanuni yangu, hata mimi ningekuwa Ravindra, nisingeajiriwa.

Mzee Ravindra akajifanya anapanga vifungo.

"Kumbe fundi mwenyewe ni wewe," mama akasema taratibu.

Angenigombeza ningepumua. Niliona aibu.

Kuifuta kanuni ilikuwa kazi ya dakika tano. Kupata ruhusa ya kuifuta ilikuwa kazi ya vikao vitatu. Duka la mama lilikaa na kufuli siku tisa.

Siku hizo alizimalizia mezani kwangu ofisini, mkoba mapajani. Kila ukurasa niliorekebisha, alijaza yeye kwanza, mimi nimekaa nyuma yake nimefunga mdomo. Alikwama mara kumi na nne. Bwana Melkiori, ambaye hajawahi kupitwa na sifa, akaanza kumwita mshauri wetu.

Kwa hiyo ndugu yangu unayebuni vitu vya wananchi, kabla hujapongezwa, nenda kakae nyuma ya mtu anayejaza. Usimfundishe. Mwangalie tu anapokwama, ujue aliyekosea ni wewe.

Barua yangu ya pongezi mama aliirudisha msumarini. Iko pale mpaka leo. Kila nikipita kusalimia, Madhuben ananiuliza kama nimekuja kuichukua.

Namwambia bado.