Mfumaji wa Vyungu vya Usumba na Swali la Shemeji

Saa moja asubuhi, uani kwake, mama mmoja anachambua usumba kwa chanuo la mbao. Nyuzi hizo za makumbi ya nazi zimelala majini wiki tatu, mpaka maji yakaacha kutoka rangi ya chai. Anaziviringisha, anazibana kwa uzi wa pamba, kinatoka kijichungu cha ukubwa wa yai. Humo atapanda mmea wa majini, na mizizi itapenya yenyewe ndani ya tangi la samaki la mteja.

Majirani humtania kwamba anawafumia samaki nguo. Wacha waseme. Vyungu arobaini kwa wiki ndivyo vilivyosomesha mabinti zake wawili.

Pembeni yake ipo chupa ya maji yenye chungu kimoja na konokono wa maji. Kila fungu jipya la usumba hupimwa hivyo kwa siku tatu. Konokono akitambaa na kula, mzigo unaondoka. Akijifungia gambani, fungu zima linatupwa. Kipimo hicho mama alifundishwa na shemeji yake, mume wa dada yake, mfugaji wa samaki aliyeacha kazi baada ya kupooza upande mmoja. Shemeji huyo, mtani asiyechoka, alikuwa hapokei chungu bila kuuliza: "Konokono amesemaje?"

Miezi minne iliyopita, fundi wa makochi alimpa mama huyu gunia la mabaki ya usumba, bure. Siku hiyo mama alikuwa anakwenda kumwona shemeji mgonjwa, na mkono mtupu haulambwi. Akafuma vyungu vitatu chapuchapu, akavitia mimea, akavitumbukiza mwenyewe, kabla hajaulizwa, kwenye tangi lililo mbele ya kitanda cha shemeji. Hakuuliza kama usumba ule ulipuliziwa dawa ya wadudu. Kumbe ulipuliziwa.

Kesho yake samaki wote kumi na saba walikuwa wanaelea. Shemeji aliwazalisha kizazi baada ya kizazi, miaka tisa.

"Cha mteja nakipima," anasema mama huyo, macho kwenye mikono yake. "Hiki nikasema aa, si cha kwetu tu. Haraka ile sijui nilikuwa nakimbilia wapi."

Shemeji hakufoka. Laiti angefoka. Aliuliza tu lile swali lake la siku zote. Tangu hapo anaitikia salamu zake kwa adabu, kama za mgeni, wala hamtanii tena. Hilo ndilo linalomuuma mama kuliko yote. Dada yake anasema tangi limebaki na maji matupu. Mgonjwa hataki liondolewe, wala hataki litiwe kitu.

Konokono wa kwenye chupa sasa ana siku thelathini na moja humo, si tatu. Ametaga, na mayai yamenata kwenye usumba. Jumapili mama atakwenda kwa dada yake.

"Nitabeba chupa nzima, niiweke pale anapolala," anasema. "Mimi sitatia neno. Amuulize konokono mwenyewe."