Sifuri ya Kashindye

Madam Adventina Byabato anafundisha fizikia katika shule moja ya sekondari Mabatini, jijini Mwanza. Alizaliwa Muleba, kwa mwinjilisti wa Kilutheri aliyewalea watoto wake wasimkosoe mtu mzima mbele za watu, hata kama mtu mzima huyo amepotea njia ya kwenda kwake. Somo hilo Adventina alilifaulu kuliko mengine yote.

Mwezi wa nane shule yake iliandaa shindano la maswali ya sayansi. Jaji mkuu alikuwa Mwalimu Machibya, mstaafu aliyemfundisha Adventina mwenyewe tangu alipokuja Mwanza kuanza kidato cha kwanza. Mzee ndiye aliyetunga maswali na majibu yake. Adventina, jaji msaidizi, aliketi kando yake na karatasi ya alama. Zikabaki shule mbili, ya kwake na moja ya kutoka Magu, na swali la mwisho likawaangukia Magu: jua likitoweka ghafla, dunia itaacha kulizunguka baada ya muda gani?

Aliyesimama kujibu ni Kashindye, msichana wa kidato cha tatu, mikono ya sweta imemfika vidoleni.

"Dakika nane na sekunde ishirini hivi."

"Hizo ni habari za mwanga," Machibya alisema. "Mimi nimeuliza mvutano."

"Ni muda huohuo, mwalimu. Nguvu za asili ziko nne, na hakuna inayofika bila kusafiri. Ya umeme na sumaku hubebwa na fotoni. Zile mbili za ndani ya kiini cha atomi nazo zina chembe zao za kuzibeba. Chembe ya mvutano haijaonekana bado, lakini mvutano wenyewe hauwezi kuupita mwanga mbio."

"Kumbe! Sasa huo mvutano wako unapanda basi la Magu?"

Ukumbi uliangua kicheko. Machibya, akiwa bado anatabasamu, aliinama upande wa Adventina. "Jibu ni papo hapo. Au sivyo, madam?"

Adventina alijua kwamba sivyo. Alishasoma habari za nyota mbili zilizogongana mbali mno, ambazo mtikisiko wa mvutano wake uliifikia dunia mwaka 2017. Mwanga wake ulifika sekunde mbili hivi baadaye, baada ya safari ya zaidi ya miaka milioni mia moja. Wasafiri wawili wa mwendo mmoja. Aliwahi hata kuwasimulia wanafunzi wa klabu yake. Lakini ukumbini walikuwa watu mia tatu, na mzee alikuwa amevaa suti yake ya kustaafia.

"Ndiyo, mwalimu," alisema, akaandika sifuri. Swali lilikuwa la alama tatu; shule yake ikashinda kwa alama mbili.

Wiki nzima alijiambia kwamba alimstahi mzee. Wiki ya pili mwalimu mwenzake, Gladness, ambaye mdogo wake anasoma kule Magu, alimletea kisa kama kichekesho. Yule binti siku hizi anaitwa Konda, kwa ajili ya lile basi. Akiingia darasani wanamuuliza, "Konda, mvutano umeshafika?" Na sasa anataka kuacha fizikia, ahamie masomo ya sanaa.

Gladness alicheka. Adventina aliomba udhuru, akaenda kusimama nyuma ya maabara mpaka kengele ilipolia.

Jumamosi alikwenda Mkuyuni, akamkuta Machibya akianika michembe ya viazi vitamu uani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Vuta kiti."

Alimpa makala ya zile nyota mbili, aliyoichapa kutoka mtandaoni. Mzee aliisoma mara mbili, kidole kikifuata mistari.

"Nilifundisha nilivyofundishwa," alisema mwishowe. Kisha akamtazama. "Wewe ulilijua hili lini?"

"Siku nyingi, mwalimu."

"Kabla ya shindano?"

"Kabla, mwalimu."

"Nilikuuliza, Adventina. Niliinama nikakuuliza."

"Niliogopa kukuaibisha mbele ya watu."

"Na hapa umenifanyia nini? Kukosea si kitu, nimekosea mara nyingi. Lakini umeniacha nimcheke mtoto aliyekuwa sahihi. Nenda ukamwambie. Mimi nitamwandikia barua yangu."

Akarudi kwenye michembe yake. Hakumsindikiza hata hadi mlangoni.

Jumatatu Adventina aliomba ruhusa kazini, akaenda Magu. Mkuu wa shule alimwitia Kashindye, akawaacha wawili kwenye baraza ya ofisi.

"Ulijibu sahihi," Adventina alisema. "Na mimi nilijua."

"Nafahamu kwamba ulijua, madam."

"Umefahamuje?"

"Nilipotaja fotoni uliitikia kwa kichwa. Nikasema moyoni, hapa nimepata. Halafu nikakuona unaandika."

Njia nzima Adventina alikuwa amejiandaa kukutana na machozi, au kiburi. Hili hakulitegemea. Aliangalia viatu vyake, akaanza kuomba msamaha, na msichana akamkatisha.

"Usiniombe hapa, madam. Hapa barazani hakuna anayeniita Konda."

Waliingia darasani katikati ya kipindi cha Kiswahili, na mwalimu wa somo akawapisha. Adventina alianza kusema. Mvulana mmoja wa nyuma, Chenge, akapaza sauti: "Hatusikii, madam!"

Akaanza upya. "Kashindye alijibu sahihi. Mimi nilikuwa jaji. Nilijua, nikaandika sifuri, na shule yangu ikashinda."

Chenge akauliza, safari hii bila mzaha, "Kwa hiyo tulishinda sisi?"

"Mlishinda ninyi."

"Na kwenu wanajua?"

"Bado."

Kashindye alikuwa angali amesimama mlangoni. "Utawaambia lini?"

"Kesho, mstarini."

"Basi ukishawaambia," alisema Kashindye, akielekea kwenye dawati lake, "ndipo nami nitaamua habari ya kuhama."

Kesho yake asubuhi, wanafunzi wa Mabatini wakiwa wamejipanga, Adventina alimwomba mkuu wake nafasi ya kusema. Mkuu alidhani ni tangazo la klabu, akampisha mbele.