Jina Alilolificha Mseti

Kabla ya kuwa nyota wa roki, Mseti alikuwa fundi wa injini za boti pale Makoko, Musoma. Alimpenda Susana, mwanika dagaa wa Murangi, akamtungia wimbo. Lakini kwao kijana hamtaji binti wa watu hadharani kabla ya kupeleka posa. Ni kumvunjia baba yake heshima. Basi kwenye wimbo akamwita Rhobi, jina la bibi yake.

Posa akaiahirisha, akisema kwanza wimbo ushike. Ukashika kwelikweli! Gitaa lake likanguruma redioni na kwenye baa zote za Bunda, naye akapotelea majukwaani mwaka mzima, Susana hajaambiwa hata neno.

Aliporudi, akaalikwa kutumbuiza harusini Murangi. Kufika, bibi harusi ni Susana. Afanyeje? Akaimba. Ukumbi mzima ukaitikia, "Rhobi! Rhobi!" na sauti ya Susana ikazizidi zote.

Alipomaliza, bibi harusi akaja kumpa mkono.

"Kaka Mseti," akamwambia taratibu, "huyo Rhobi nilikuwaga namwonea wivu sana. Ulimuoa?"