Kijerumani cha Mwalimu Kesho

Jina la Mwalimu Kesho tulimbandika sisi, wasichana wa kidato cha pili, wiki ileile aliyoanza kutufundisha Kijerumani. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa hisabati tu, mwembamba, mwendo wa haraka, na vumbi la chaki lisilobanduka kwenye mikono ya sweta yake. Mwalimu wetu wa Kijerumani alikuwa ameolewa akahamia mbali katikati ya muhula, na shule yetu, iliyoanzishwa na masista waliotoka Ujerumani, haikutaka somo hilo life. Mkuu wa shule akapekua mafaili ya walimu wake wote, akagundua kwamba mwalimu wa hisabati aliwahi kusoma Kijerumani chuoni kwa mwaka mmoja, kwa sababu tu darasa alilolitaka lilikuwa limejaa.

"Mkuu, mimi najua kusalimia na kuhesabu," mwalimu alimwambia.

"Basi umeshaanza," Mkuu akajibu, akamkabidhi ufunguo wa kabati la vitabu.

Mumewe, fundi wa redio na pasi mwenye kibanda jirani na geti la shule, alipopata habari alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Mama watoto, utawafundisha nini sasa? Moja, mbili, tatu?"

"Nitawafundisha ninachokijua," akasema. "Nisichokijua nitakitafuta."

Nasi alituambia vivyo hivyo. Aliingia darasani, akaweka kitabu mezani, akatutazama kwanza.

"Wanangu, nisiwadanganye. Lugha hii siijui. Nimewatangulia kurasa chache tu, na nitajitahidi msinifikie. Mkiniuliza nisilolijua, sitawatungia jibu."

Tulitazamana. Tulizoea walimu ambao wakibanwa na swali wanakutuma ukafute ubao. Chiriku, mwenzetu ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, akanyoosha mkono palepale.

"Mwalimu, hapa kitabuni neno 'msichana' limewekwa kwenye kundi la vitu. Kwani sisi si watu?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu alisoma ukurasa, akausoma tena, kisha akasema, "Sijui. Nitakuambia kesho."

Kesho yake alikuja na jibu. Neno lile, alisema, limetiwa mkia wa udogo, na neno lolote la Kijerumani likitiwa mkia huo linahamia kundi la vitu, liwe la mtu au la kijiko. "Na nyinyi msijifanye mnashangaa," akaongeza. "Mkisema kijitu hiki, kijitoto kile kinalia, mnafanya nini? Mnawatia watu kwenye ngeli ya viti na vikombe bila hata kuona haya."

Tangu siku hiyo ngeli za Wajerumani hazikututisha. Wana tatu tu, sisi zetu hatujamaliza kuzihesabu. Kilichotutesa ni kitenzi chao kinachojificha mwishoni mwa sentensi, wewe umekaa kama mgeni sebuleni, unasubiri mwenye nyumba atokee ujue mambo yanahusu nini.

Majibu ya kesho Mwalimu aliyapata kwenye zahanati ya shule. Pale alikuwepo Sista Bandeji, Mjerumani wa mwisho aliyebaki kati ya masista wa mwanzo. Alikuja akiwa msichana, na sasa mgongo ulikuwa umepinda na nywele zimebaki chache chini ya kitambaa. Lakini Kiswahili chake! Ukimsikia nyuma ya pazia ungedhani ni shangazi yako. Ukienda kulalamika kichwa siku ya mtihani anakutazama juu ya miwani: "Hebu acha kudeka, mwanangu. Kichwa kinachouma hakitafuni karanga." Na kweli karanga zilikuwa mfukoni.

Mwanzoni alimkatalia Mwalimu. "Binti yangu, lugha hiyo nimeiacha utotoni. Siku hizi naota kwa Kiswahili." Mwalimu hakubishana. Alivuta kiti, akaanza kumsaidia kuviringisha bandeji zilizofuliwa, na huku akiviringisha akasoma kwa sauti sentensi za kitabu, moja baada ya nyingine, kwa matamshi ya kutisha. Sista alivumilia sentensi chache tu.

"Mungu wangu, unaichinja! Rudia. Bana midomo, kama unapuliza filimbi."

Ikawa hivyo kila jioni. Mwalimu alitoka pale midomo imechoka, na asubuhi yake sisi ndio tulibanishwa midomo, darasa zima, kama samaki.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja baada ya ibada, Sista Bandeji alianguka mlangoni mwa zahanati. Kiharusi. Alipelekwa hospitali ya wilaya, na habari zilizotufikia zilikuwa mbaya: upande wa kulia umelala, na akili imeondoka, anaweweseka tu.

Mwalimu alikwenda kumwona, mimi na Chiriku tukambebea nguo safi. Tulimkuta Sista amefumba macho, akirudia maneno yaleyale kwa sauti ya kukwaruza. Nesi wa zamu alitikisa kichwa. "Ni hivi tangu jana, Mwalimu. Tunamuuliza, haelewi. Anajibu, hatuelewi."

Mwalimu aliinama, akaweka sikio karibu na mdomo wa mgonjwa. Akakaa hivyo kwa muda.

"Haweweseki," akasema. "Anaomba dirisha lifunikwe. Mwanga unamuumiza macho."

Nesi alivuta pazia. Sista akanyamaza. Kisha machozi yakaanza kumtoka, taratibu, yakaingia masikioni, na mkono wake mzima ukautafuta wa Mwalimu ukaung'ang'ania.

Daktari alitueleza kwamba ugonjwa umegusa mahali maneno yanapokaa. Kiswahili alichojifunza ukubwani kimezama. Imebaki lugha aliyoinyonya kwa mama yake. "Huenda kikarudi," alisema, "na huenda kisirudi."

Walipomrudisha shuleni, kwenye chumba kidogo nyuma ya zahanati, Mwalimu aliingia darasani akatuambia tufunge vitabu. Kitabu chetu kilihusu familia moja inayosafiri likizo. Tulijua kukata tikiti ya treni, kuagiza kahawa yenye maziwa na kusifia milima. Hatukujua kusema: nikugeuze upande gani? Unawashwa wapi? Maji yamekuwa ya moto mno?

"Kuna mtu pale nyuma hawezi kuomba maji akapewa," Mwalimu alisema. "Leo tunaanza na maji."

Maneno hayo hata yeye hakuwa nayo. Aliyafuata kwa mgonjwa mwenyewe. Anashika beseni, anainua nyusi, Sista anataja. Anashika shuka, kitana, soksi, chombo cha haja, Sista anataja. Zamani Sista alifundisha kwa kumhurumia mwalimu. Sasa alifundisha kwa kuwa ndiyo njia pekee ya kugeuzwa upande unaouma. Asubuhi maneno hayo yako ubaoni, alasiri wawili wawili tunakwenda kuyatumia.

Zamu ya kwanza ya Chiriku nilikuwa naye. Alitaka kumuuliza Sista kama anahitaji mto. Mto wa kulalia kwa Kijerumani ni Kissen. Lakini Chiriku alikuwa amebanishwa midomo kwa mwaka mzima, akataka kuonyesha umahiri, akabana kwa nguvu zote na kutamka küssen. Hilo ni busu. Akasimama mbele ya sista mzee, kwa heshima zote, mikono nyuma, akamuuliza kama anataka kupigwa busu.

Sista alimkodolea macho. Mdomo ukaanza kutetemeka upande mmoja, ule mzima. Nikadhani ameshikwa tena na ugonjwa, nikawa nageuka kukimbia kumwita Mwalimu. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka kitanda kikalia, kisha akageuza shavu na kulinyooshea kidole. Chiriku, asiyejua amesema nini, akalitazama shavu, akanitazama mimi, halafu akainama akalibusu. Mto alipata baadaye.

Si kila mtu alifurahia. Mwalimu wa taaluma, mtu wa tai na kalamu nyekundu, alikuja kukagua akatukuta tunajifunza kusema "nimetokwa na kidonda mgongoni." Alimwita Mwalimu nje, lakini dirisha lilikuwa wazi.

"Mwalimu, mtihani hauulizi vidonda. Mtihani unaanza sura ya tano, na wewe uko wapi?"

"Sura ya nne."

"Wazazi wakija juu mimi niwaambie nini?"

"Waambie sura zote zitakwisha. Nitafundisha Jumamosi."

"Jumamosi ni siku yako."

"Ndiyo maana naitoa mimi," akasema, bila ukali wowote, akarudi ndani kumalizia kidonda.

Na Jumamosi alikuja kweli. Wakati mwingine alikuja na mwanawe mdogo mgongoni, wakati mwingine mumewe akamletea chai kwenye chupa na kukaa kiti cha nyuma akijaribu kutamka pamoja nasi, tukacheka mpaka Mwalimu akatufukuza sote pamoja naye.

Muda si muda Mama Mkuu wa shirika la masista akafika kutoka makao makuu ya hapa nchini. Alikuwa mtu mwema, na alikuja na wazo jema: Sista Bandeji arudishwe kwao, kwenye nyumba ya masista wazee, ambako kila mtu anaijua lugha yake. Hati zilikuwa zimeshaanza kushughulikiwa. Mimi na Chiriku tulikuwa kwenye zamu, tumeshika sinia la chai, hatujui tuingie au tutoke.

"Mama, kwa heshima yako," Mwalimu alisema, "naomba tumuulize mwenyewe."

Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamweleza Sista polepole, akitafuta maneno, akirudi nyuma, akirekebisha. Sista alisikiliza hadi mwisho. Alipojibu alijibu kwa vipande, akipumzika katikati, na Mwalimu hakukubali kutafsiri mpaka alipomuuliza tena na kuhakikisha.

"Anasema kwao hakuna tena anayemfahamu. Ndugu zake wote wamekwisha. Anasema akienda atakuwa mgeni anayejua lugha. Hapa ni mwenyeji asiyeijua."

Mama Mkuu akainamisha kichwa. Sista akaongeza kitu, kifupi, akitazama ukuta. Hilo Mwalimu hakulitafsiri.

"Na hilo la mwisho?" Mama Mkuu akauliza.

Angeweza kulimeza. Ukimwacha yeye na mgonjwa, mle chumbani ni sisi wawili tu tuliokuwa na Kijerumani zaidi ya salamu, na tulikuwa tunamwombea alimeze. Hakulimeza.

"Anasema, kama amekuwa mzigo kwenu, mpelekeni. Hatanung'unika."

Mama Mkuu akauliza kwa upole, "Na wewe ukihamishwa, Mwalimu? Ukiugua? Nani atazungumza naye?"

Mwalimu alitugeukia sisi na sinia letu. Chiriku akasogea, akamuuliza Sista jambo kwa Kijerumani, safari hii midomo ikiwa mahali pake. Sista akamjibu kwa maneno machache.

"Mmesemezana nini?" akauliza Mama Mkuu.

Chiriku akaona haya. "Nimemuuliza kama atakunywa chai sasa. Amesema atakunywa wageni wakishaondoka."

Mama Mkuu alicheka, akajifuta macho, akacheka tena. Zile hati za safari hatukuzisikia tena.

Sista aliishi nasi hadi mwaka wetu wa mwisho. Kiswahili kilimrudia kidogo kidogo, bila mpangilio. Neno la kwanza lilitoka siku aliponyweshwa dawa ya kikohozi. "Chungu!" alipiga kelele, na Mwalimu aliyekuwa ameshika kijiko akamwaga dawa yote kwenye shuka kwa furaha. Likafuata "acha," kisha "mwanangu." Sentensi nzima hazikurudi kamwe. Alifariki asubuhi moja wakati Mwalimu anamchana nywele, katikati ya maongezi, na Mwalimu alimaliza kuzichana kabla ya kumwita yeyote. Tulimzika nyuma ya kanisa pamoja na wenzake, nasi wasichana tukaimba.

Katika mtihani wa taifa tulifaulu vizuri, si kwa maajabu. Mtahini wa mazungumzo alimwambia Mkuu kwamba hajapata kuona watoto wa namna hii: anawauliza habari za likizo wanababaika, lakini alipokohoa, msichana mmoja alimuuliza kwa Kijerumani safi kifua kinambana tangu lini na kama anatoa makohozi. Kati yetu, wawili wamekuwa wauguzi, mmoja mkalimani, Chiriku anauza vipuri vya pikipiki na anaongea kuliko zamani. Mwalimu mwenyewe hajawahi kukanyaga Ujerumani. Aliwahi kupata nafasi, ikaangukia wakati wa mitihani, akampisha mwalimu mdogo.

Nilipita kumsalimia miezi michache iliyopita. Nywele zimeingia mvi, sweta ni nyingine lakini chaki ni ileile. Shule imempokea msichana kiziwi, na nilimkuta Mwalimu amekaa kibandani kwa mumewe, anafanya mazoezi ya lugha ya alama, vidole vimemkakamaa. Mzee alikuwa ameegemea meza yenye redio zilizofunguliwa, anamtazama.

"Amenitukana tangu asubuhi," mzee akaniambia. "Alitaka kusema 'karibu chakula,' yule msichana akamwonyesha kwamba hilo ni tusi kubwa."

"Si kubwa," Mwalimu akasema, bila kuinua macho kutoka vidoleni. "Ni la kawaida. Vuta kiti, mwanangu, uniangalizie kama kidole hiki kimenyooka."