Eti risasi ni risasi

Leo nimemkosa nguruwe pori mchana kweupe, na shemeji yangu anacheka!

Nguruwe hawa wanamaliza mihogo ya mama mkwe hapa Nyantakara. Kibali cha kuwinda ninacho. Nikamlenga mmoja ng'ambo ya bonde, alama ya darubini ya bunduki imetulia begani pake.

Paa! Vumbi likaruka chini ya tumbo lake. Wakatokomea wote.

"Darubini mbovu hiyo," akasema shemeji.

Mbovu?! Nikatazama boksi la risasi. Nilimtuma risasi zile zile nilizorekebishia darubini, yeye kaleta za uzito mwingine! Kwa karibu usingejua. Kwa mbali zinaangukia pengine kabisa.

"Si risasi ni risasi tu?"

Jamani, huyu mngemfanyaje?

Na mama mkwe alishabandika sufuria! Shemeji akauliza bila haya, "Sasa mboga?"

Nikamwekea boksi lake mbele. "Chemsha hizo. Mboga ni mboga tu."